Neno Lililoanza na "Tua"

"Nataka tua... tua... tua..."

"Tuachane?" nikamdakia. "Sema tu, usione haya!"

Simu ikakatwa upande wa pili.

Nikabaki nimeishika simu, na mbele yangu mezani iko tasnifu yangu ya kurasa tisini kuhusu kigugumizi. Ukurasa wa nne nimeandika kwa mkono wangu mwenyewe, tena kwa herufi nzito: usimmalizie neno mtu mwenye kigugumizi. Mwaka wa pili wa shahada ya uzamili ya tiba ya usemi, chuo kikuu cha umma, darasa la watu saba tuliochujwa mpaka tukachujika, na kanuni ya siku ya kwanza nimeivunja kwa mtu ninayempenda kuliko wote.

Yeye ni fundi vioo. Tulijuana alipokuja kubadilisha dirisha la kliniki ya chuo. Kigugumizi anacho tangu utotoni, na sijawahi kumtibu, maana mpenzi si mgonjwa. Ila wiki ile tulikuwa tumenuniana. Mimi nakimbizana na saa za kliniki, yeye ananingoja getini mpaka anachoka, na shangazi yake aliyemlea alishasema msomi kama mimi hadumu na fundi. Kwa hiyo niliposikia "tua", moyo wangu ukaruka moja kwa moja kwenye baya.

Ujumbe ukaingia:

"Shangazi ananimalizia maneno tangu nikiwa mtoto. Wateja wananimalizia. Ni wewe peke yako uliyekuwa unanisubiri. Leo nawe umenimalizia, tena kwa neno ambalo halikuwa langu. Niache kwanza."

Nikapiga. Hakupokea. Nikapiga tena, simu imezimwa.

"Umejipalia makaa mwenyewe," alisema mwenzangu wa chumba, akicheka bila huruma. "Daktari wa maneno anameza neno la mtu!"

"Usinicheke. Nitampoteza huyu."

"Basi mfuate. Au unasubiri akuandikie rufaa?"

Asubuhi nilikuwa na mgonjwa, dereva mstaafu aliyepatwa na kiharusi. Msimamizi wangu alikuwa ameketi kwenye kona na kalamu yake. Nikamwonyesha mgonjwa picha ya kikombe. Akahangaika. Nikanyamaza, nikamtazama kwa upole, nikahesabu moyoni mpaka kumi na nne.

"Ki... kikombe!" akasema, akajipiga paja kwa furaha.

Alipotoka, msimamizi akaniambia, "Kusubiri unajua. Mbona macho mekundu?"

"Mwalimu, hapa najua. Jana nimeshindwa kumsubiri mtu wangu."

"Hapa huogopi jibu," akasema huku akifunga faili. "Kule uliliogopa, ukalijibu mwenyewe. Nenda. Ripoti utaleta kesho."

Sikungoja kuambiwa mara ya pili. Nilifika kwenye karakana yake ya vioo bado nimevaa koti la kliniki. Shangazi yuko mlangoni na daftari la oda, na fundi wangu yuko nyuma yake, penseli sikioni, mikono juu ya kioo alichotaka kukikata.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Hayuko tayari kuongea na wewe."

Nikasogea mpaka anione.

"Nimekuja kuomba radhi," nikamwambia yeye. "Jana sikukusikiliza. Niliogopa unaniacha, nikakuwahi. Kosa ni langu, sina wa kumsukumia."

"Mi... mi..."

"Anasema yeye hataki," shangazi akadakia.

"Shangazi, nakuheshimu kama mama yangu. Lakini tumwache amalize."

"Binti, mimi nimemlea! Anachotaka kusema nakijua kabla hajafungua mdomo!"

"Hata mimi jana nilidhani nakijua."

Shangazi akasogea kando.

"Mi... mimi," fundi wangu akasema hatimaye, "jana ni-nilitaka kusema tua... tua..."

Nikasubiri. Mteja mmoja akachungulia mlangoni, akaona hali, akarudi alikotoka. Neno lolote lingeweza kutoka pale, hata lile lile nililolitaja mimi, na bado ilinibidi ninyamaze.

"...tuanze maisha. Wewe na mi-mimi."

Machozi yakanitoka. Nikafungua mdomo nijibu, akainua mkono.

"Si-sijamaliza."

"Malizia, mpenzi."

Akamgeukia shangazi yake.

"Sha-shangazi, utanisindikiza kwao. Lakini ku-ku-kuongea, nitaongea mwenyewe."

"Hata kama itachukua siku nzima?"

"Ha-hata wiki."

Shangazi akaweka daftari chini, akajifuta macho kwa ncha ya khanga, akanigeukia mimi.

"Kwenu kuna viti vya kutosha?"

"Vipo, shangazi."

"Haya. Tutakaa."

Nikamwangalia fundi wangu. Alikuwa amemaliza.

"Ndiyo," nikamwambia.