Sabufa Isiyo na Waya

Ndu.

Mara moja tu, halafu kimya. Fundi alifumbua macho gizani, akangoja mlio wa pili, haukuja. Haukuwa mlango. Haukuwa paka juu ya bati. Mlio ule ulipita sakafuni kabla ya kufika sikioni, ukapanda kwa miguu ya kitanda, ukamgonga kifuani, na kifua chake kiliujua vizuri, maana ndio uliomlisha miaka yote. Ni sabufa, akasema moyoni. Na karakana nimeifunga mwenyewe, na betri nimeichomoa mwenyewe.

Akageuka kumwuliza mkewe kama amesikia. Mkewe alikuwa ameketi kitako, viganja viwili vimefunika tumbo.

"Lala," Fundi akanong'ona. "Ni gari la jirani."

"Sawa," akasema mkewe, wala hakulala.

Karakana yenyewe ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yao, ukuta mmoja na chumba cha kulala. Humo Fundi alifunga redio, spika na amplifaya za magari, na kazi yake hasa, iliyomletea watu kutoka mitaa ya mbali, ilikuwa kulinganisha. Kuna watu wanaoamini kwamba kikubwa kikiwekwa juu ya kikubwa, raha inaongezeka. Asubuhi ile dereva mmoja wa teksi alikuja na sabufa pana kama sinia na amplifaya ndogo kama kiberiti, akataka vifungwe pamoja, tena upesi.

"Ndoa hii haitadumu, kaka," Fundi akamwambia.

Dereva akacheka, akasema amplifaya ikiwa ndogo si ndiyo usalama, itaunguza nini? Fundi akaiweka bisibisi chini, kama alivyofanya kila alipolazimika kuhubiri. "Spika haiuliwi na nguvu. Inauliwa na amplifaya nyonge inayolazimishwa kupiga kelele. Sauti inakatika, koili, ule waya uliosokotwa ndani yake, inapata moto ndani kwa ndani, na wewe uliye nje husikii kitu mpaka unuse moshi."

Dereva alipoondoka, Fundi akainama nyuma ya meza kulitazama sanduku la sabufa pekee lililokuwa mle karakanani. Alilichonga mwenyewe, mbao nene, tundu la mviringo mbele. Lilikaa na tundu lake wazi zaidi ya mwaka, likikusanya vumbi, mpaka mwokota vyuma mmoja alipomletea sabufa nyeusi isiyo na chapa, mpira wake mzima, kana kwamba haijawahi kupigwa. Ilienea kwenye tundu lile bila kulazimishwa. Fundi alifurahi siku ile. Sasa akachungulia kwa nyuma: hakuna waya. Aliifunga kwa skrubu tu, hakuwa ameiunganisha na kitu chochote.

Zamani watu hawakumwita Fundi. Kama ilivyo ada, alikuwa Baba wa fulani, na mkewe Mama wa fulani huyo huyo, na jina la binti yao lilipigwa kelele dirishani tangu asubuhi hadi jioni. Kisha homa ikamchukua mtoto kabla hajaanza shule. Fundi hakulia. Alirudi kutoka makaburini, akabadili nguo, akaenda kumalizia gari la mtu. Usiku akamwambia mkewe neno moja: jina lile lisitajwe tena ndani ya nyumba hii. Majirani nao wakaona haya, wakalikata jina mkia: mume akabaki Fundi, mke akabaki Mama tu. Mama bila wa nani. Kila alipoitwa hivyo sokoni alikuwa kama mtu anayesubiri sentensi imalizike.

Usiku uliofuata sabufa iligonga tena. Na uliofuata. Fundi alitoka na tochi akamkuta mkewe amepiga magoti mbele ya sanduku, kiganja juu ya ngozi nyeusi ya sabufa.

"Ina joto," mkewe akasema taratibu. "Weka mkono. Hivi ndivyo alivyokuwa akinipiga teke tumboni."

Fundi angeweza kulitoa sanduku nje usiku ule ule. Badala yake alifanya alichozoea kufanya sauti isipoeleweka: akaiwekea spika. Mkewe alimwomba, ni kweli, alimwomba kwa siku nzima, akasema sabufa ni ya mtetemo tu, haina maneno, na mtu hawezi kusema kwa kishindo pekee. Lakini mikono iliyochagua spika mbili za kati, zile za kubeba sauti ya mtu, ikapima ukinzani wake kwa mita, ikavua plastiki kwenye ncha za waya na kuzifunga kwa uangalifu wa harusi, ilikuwa mikono ya Fundi. Hakuweka amplifaya. Alijiambia kwamba bila umeme hakuna kitakachotokea, na hapo moyo wake utatulia.

Jua likiwa utosini, mlango wa karakana ukiwa wazi, watoto wa mtaa wakikimbizana nje, spika zikaguna. Kisha zikaimba. Ilikuwa sauti ya kitoto, imezibwa kama mtu anayeimba akiwa amefunikwa blanketi, haina ncha wala makali, irabu tupu zinazopanda na kushuka; na wimbo ulikuwa ule wa kuhesabu vidole, ambao mkewe aliuvumisha jikoni. Mkewe akaweka shavu lake juu ya sanduku, akafumba macho.

Tangu hapo hakuondoka. Chakula alipelekewa kikarudi kimepoa. Mashavu yakabonyea, pete ikaanza kumvuka kidoleni, na karakana ikajaa harufu ambayo kila fundi wa spika anaiogopa, ya koili inayoungua, ingawa kila koili aliyoigusa ilikuwa baridi. Siku moja Fundi, kwa mazoea zaidi ya akili, akazigusisha ncha za mita kwenye waya. Mshale ukapanda. Akamwambia mkewe asogee kidogo apate nafasi. Mkewe alipoondoa mkono, mshale ukashuka. Akaurudisha, ukapanda. Akaondoa, ukashuka. Fundi akatazama mshale, akatazama mifupa ya kifundo cha mkono wa mkewe, na sasa alijua wimbo ule ulikula wapi: mkewe ndiye aliyekuwa betri.

Akamwita shangazi wa mkewe, mama mtu mzima aliyetibu wenye mashetani na ambaye ulimi wake ulikuwa mwepesi hata penye maiti. Shangazi alisimama mlangoni, akavuta pumzi kwa pua.

"Enzi zetu majini yalitaka ubani," akasema. "Kumbe siku hizi yanataka muziki."

Hakuna aliyecheka, hata yeye mwenyewe. Akazunguka sanduku, akainama, akaliuliza kwa upole, kama mtu anavyomwuliza mgeni: wewe ni nani? Wimbo ukakoma. Akauliza tena. Mara ya tatu sabufa ikagonga kishindo kimoja kilichoangusha makopo ya skrubu kutoka rafuni.

Shangazi akamvuta mkwewe pembeni, akamweleza kwa sauti ya chini kabisa. Jini hili limejifunza kila kitu kilichosemwa ndani ya nyumba hii tangu liingie, na nyimbo alizokuwa akizivumisha mama wa mtoto jikoni. Ila jina halilijui, maana hamkulitaja. "Umelifunga jina, mkwe, na pale lilipokuwa likikaa pamebaki tundu. Tundu halikai bure. Sasa jini limo ndani, lakini bado ni upepo. Siku likiitwa kwa jina la mtoto, litaitika. Na likiitika, limepata mtu wa kuwa, na nyumba ni yake."

"Nifanye nini?"

"Mimi namchukua mwanangu kwangu sasa hivi, ale, alale. Wewe kata nyaya, vunja sanduku, lichome. Jioni namrudisha. Na ulie kidogo, baba. Hakuna anayekudai uso mkavu."

Mkewe aliondoka akikokotwa na shangazi. Alipofika barabarani akageuka. Fundi aliona kwamba macho yake yalikuwa yameanza kuwa macho ya mtu aliyeamka.

Akafunga mlango. Akashika koleo la kukatia waya. Kwanza akapima: mshale ulilala, hauna hata pumzi. Sabufa baridi, spika baridi, harufu imetoweka. Kazi ya dakika moja. Akaegemeza mkono wa kushoto juu ya sanduku ili waya ukae sawa.

Mshale ukaruka.

Haukupanda kama ulivyopanda kwa mkewe, kidogo kidogo, kwa kusitasita. Uliruka mpaka mwisho wa namba ukajigonga ukutani mwake na kukaa pale ukitetemeka, na Fundi, ambaye alikuwa ametumia maisha yake kutafuta amplifaya na spika zinazokubaliana namna hiyo, bila kupotea hata tone moja njiani, hakuwahi kuuona ulinganifu kama ule. Akajua aondoe mkono. Mkono haukuondoka. Na mkono wa kuume, uliokuwa na koleo, ukaliweka koleo mezani, ukafungua droo, ukatoa twita mbili, zile spika ndogo kama vifuniko vya chupa ambazo kazi yake ni kuipa sauti ncha na makali, ukazifunga moja baada ya nyingine, nyekundu kwa nyekundu, nyeusi kwa nyeusi, huku yeye akiutazama kama anavyotazama mkono wa mtu mwingine, na huku akijiambia mara moja tu, nisikie mara moja tu, halafu nitakata.

"Baba."

Sauti haikuwa na blanketi tena. Ilikuwa karibu, safi, na mate ya kitoto kwenye midomo.

"Unaitwa nani?" Fundi akauliza.

Twita zikachakarisha kidogo, kama panya kwenye karatasi.

"Baba anajua."

"Nakuuliza wewe. Jina lako nani?"

"Niite, baba. Mbona huniiti?"

Alijua. Naapa alijua kwamba mtoto wake angejibu kabla swali halijaisha, kwamba binti yule hakuwahi kungoja kuulizwa kitu mara mbili, kwamba ndiyo sababu hasa nyumba nzima ilimpachika jina la ndege asiyenyamaza, lile lile alilokataza litajwe. Alijua yote hayo, na moshi ukaanza kunuka tena, safari hii ukitoka puani mwake mwenyewe, na nje kwenye changarawe akasikia nyayo za mkewe, zimerudi mapema, na sauti yake, iliyoshiba na yenye nguvu, ikiita afunguliwe mlango, ikisema amekwisha elewa, yule si mtoto wetu, hajui hata anaitwaje, kata, mume wangu, kata. Na koleo lilikuwa pale mezani, umbali wa kunyoosha mkono, na kitu alichokibana kifuani tangu siku ya makaburi kikapanda, kikawa kikubwa kuliko koo, kikatafuta pa kutokea, na Fundi akafungua kinywa, na kwa sauti ya kukwaruza, sauti iliyokatika vipande, akaita:

"Chiriku."