Bembea Iliyopakwa Rangi Kabla ya Kujaribiwa

Kila siku, akishaosha vyombo vya mchana na kumaliza kazi za shule, Mhandisi alikuwa na saa moja ya kwake peke yake. Alikuwa msichana wa darasa la sita, mwepesi wa mkono katika kuchora na mzito wa ulimi katika kukiri kosa. Jina hilo la utani alipewa na mjomba wake, fundi wa kompyuta, siku alipomletea kompyuta mpakato kuukuu iliyong'oka herufi mbili. Ndani yake mlikuwa na mchezo wa kujenga bustani ya burudani.

Mchezo wenyewe ulianza na uwanja mtupu na geti. Mchezaji alijenga bembea, treni za kupanda na kushuka vilima, vibanda vya vinywaji na njia za kupitia, kisha wageni wakaanza kumiminika. Mgeni aliyefurahi aliota uso wa kucheka juu ya kichwa chake. Aliyeudhika aliota uso mwekundu. Mhandisi aliwafuata mmoja mmoja. Aligundua kwamba wakitembea sana bila kuona benchi, wananuna. Choo kikiwa mbali, wananuna zaidi. Na foleni ikirefuka juani, wanageuza na kwenda zao. Siku moja alihangaika na foleni ya treni mpaka mchuzi ukaungua jikoni. Mama yake akamwambia kwamba wageni wa kwenye kompyuta wameshiba, ila wa nyumbani watalala na njaa.

Mama huyo alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma, na karakana yake ilikuwa uani. Alitengeneza mageti, vitanda na madirisha, na mikono yake ilikuwa na alama ndogondogo za cheche.

Wiki ya kwanza ya mwaka wa masomo, shule iliamua kuwakaribisha watoto wa darasa la kwanza kwa siku ya michezo. Mmoja wa watoto hao alikuwa mdogo wake Mhandisi, msichana waliyemwita Siafu kwa sababu hakujua kukaa mahali pamoja. Mwalimu wa darasa la sita aliwapa wanafunzi wake kazi ya kupanga uwanja, na darasa zima likageuka kumtazama Mhandisi.

Alichora ramani nyuma ya kalenda ya mwaka uliopita. Tangi la maji ya kunywa aliliweka karibu na mchezo wa kuruka kamba, kwa sababu huko ndiko watoto wangetoka wakihema. Mabenchi aliyaweka kivulini. Kila mchezo aliuwekea njia ya kuingilia na nyingine ya kutokea, ili watoto wasigongane. Mwalimu aliitazama ramani kwa muda mrefu, akauliza alikojifunza mambo hayo. Aliposikia ni kwenye mchezo wa kompyuta, alicheka, akasema yeye siku zote alidhani michezo hiyo huharibu macho tu.

Katikati ya ramani palikuwa na bembea ya kuzunguka, yenye mikono minne na kiti kwenye ncha ya kila mkono. Mama alikubali kuitengeneza kwa mabomba ya chuma na gurudumu la gari bovu. Aliimaliza Alhamisi, wakaipeleka shuleni kwa mkokoteni. Alikuwa na geti la kwenda kufunga mtaa wa pili, kwa hiyo aliwaachia maagizo Mhandisi na rafiki yake Kasuku, msichana aliyeongea hata akiwa anatafuna.

"Kabla hamjapaka rangi, jazeni viroba vya mchanga," alisema. "Viwili kwa kila kiti. Izungusheni mara mia, kisha mkague viungo vyote. Chuma kikiwa na kasoro kitasema chenyewe, lakini lazima ukiulize kwanza."

Viroba viwili kwa viti vinne ni viroba vinane. Jua lilikuwa kali na koleo lilikuwa moja. Kasuku alijaza nusu ya kiroba cha kwanza, akaanza kueleza jinsi mgongo wake ulivyo dhaifu tangu utotoni. Mhandisi naye alikuwa akiyatazama makopo ya rangi, jekundu na la njano. Kwenye mchezo wake, kujaribu kulikuwa ni kubofya kitufe kimoja, na nyota za sifa zilikuja kwa rangi na taa. Wakaizungusha bembea ikiwa tupu, mara tatu nne. Ilizunguka kimya kama maji kwenye bakuli. Wakapaka rangi.

Jioni mama aliuliza kama waliweka mchanga.

"Tuliweka, mama," Mhandisi akajibu. Uongo ulitoka haraka, kama uliokuwa ukisubiri mlangoni.

Mama alimshukuru kwa kazi nzuri, na shukrani hiyo ikamchoma kuliko karipio.

Ijumaa, saa yake ilipofika, alifungua mchezo kama kawaida. Siafu alikaa pembeni yake kutazama. Treni mpya ya Mhandisi ilikuwa na kona kali mno; ilipofika pale iliruka nje ya reli, moshi ukatanda. Mhandisi akabofya kitufe cha kufuta. Treni ikatoweka, moshi ukatoweka, na wageni wengine wakaendelea kutembea wakicheka.

"Na wale waliokuwa ndani wamekwenda wapi?" Siafu akauliza.

Mhandisi alifunga kompyuta kabla saa haijaisha, akasema kichwa kinamuuma. Mara mbili alikwenda hadi mlango wa karakana, na mara mbili akarudi.

Jumamosi asubuhi uwanja ulijaa. Kila alichokipanga kilikwenda sawa: watoto waliruka kamba, wakakimbilia tangi, wakapumzika kivulini, wala hakuna aliyemkanyaga mwenzake. Wazazi walikuwa wakimpongeza mama yake Mhandisi. Lakini foleni ndefu kuliko zote ilikuwa kwenye bembea, maana ile nyekundu na njano iliwaita watoto kutoka mbali. Siafu alikuwa amejipenyeza akawa wa kwanza. Alipanda kiti, wenzake watatu wakapanda vingine, na mwalimu akashika mkono wa bembea tayari kuisukuma.

Mhandisi alikimbia. Aliukumbatia mkono wa bembea kwa nguvu zake zote.

"Shukeni," alisema. "Haijajaribiwa."

Mwalimu alishangaa. Mama alisogea kutoka kwenye kundi la wazazi. Mhandisi alihisi macho ya watu wote juu yake, lakini hakuliachia lile bomba.

"Mama, hatukuweka mchanga. Nilikudanganya."

Kasuku, ambaye siku hiyo hakuwa na hadithi ya mgongo, alikuja akasimama kando yake, akasema walikuwa wawili.

Mama hakugomba. Aliwashusha watoto, akakunja mikono ya shati, akaomba koleo. Darasa la sita lote likajaza viroba, na baadhi ya wazazi wakasaidia kubeba. Walipovipanga vyote vinane, mama akaanza kuisukuma bembea taratibu, kisha kwa kasi zaidi. Mzunguko wa kumi na moja, mkono mmoja ulilia kama tawi kavu, ukakatika pale ulipounganishwa, na kiti kikaanguka chini. Viroba vikapasuka. Mchanga ukamwagika pale ambapo miguu ya Siafu ingekuwa.

Siafu aliutazama ule mchanga, akaja kushika sketi ya dada yake.

Mama alipiga magoti, akapitisha kidole kwenye kiungo kilichovunjika. "Hapa nilichomelea vibaya mimi," alisema. "Kosa la kwanza ni langu. Viroba ndivyo vingelikamata, na nyinyi mkavikalia kimya."

Mashine ya kuchomelea ililetwa kwa mkokoteni uleule. Watoto walipelekwa mbali wasiutazame moto, na mama akaunganisha upya mikono yote minne, akaongeza vyuma vya kuitegemeza. Chuma kilipopoa, viroba vikarudishwa, na safari hii darasa la kwanza ndilo lililohesabu mizunguko. Walihesabu kwa sauti kubwa hadi ishirini na tisa, wakagawanyika, wengine wakasema thelathini na wengine ishirini na kumi, mpaka mwalimu akawaokoa. Mia ilipotimia, mama alikagua kila kiungo, akatikisa kichwa kukubali. Mchana wote bembea haikupumzika.

Mhandisi alimkuta mama yake kwenye benchi la kivulini. Alimwambia ataurudisha mchezo kwa mjomba, kwa kuwa ndio uliomponza.

"Usirudishe," mama akasema. "Mchezo ule umekufundisha kumfikiria mgeni kabla hajafika: atachoka wapi, atasikia kiu wapi. Mimi katika umri wako sikuyajua hayo, na leo nimeona faida yake kwa macho yangu. Lakini nao una upungufu wake. Mle ndani anayeanguka ni picha, unabofya na yameisha. Huku nje anayeanguka ana mama yake. Kwa hiyo cheza, mwanangu, uchukue chenye maana. Kisha ukija kwenye kazi ya kweli, fanya hata ile sehemu isiyoonekana wala kusifiwa, na ukiiacha, sema umeiacha. Mwenye kusema kweli mapema huokoa watu."

Aliongeza kwamba kwa mwezi mzima, kila Jumamosi, Mhandisi na Kasuku watajaza viroba vya mchanga vya kujaribia kazi za karakana. Mhandisi aliona hukumu hiyo ni ya haki, ingawa alijua atausikia ule mgongo wa Kasuku kuanzia kiroba cha kwanza hadi cha mwisho.

Siafu akaja mbio, akamvuta mkono. Alitaka wapande pamoja, kila mmoja kiti chake. Mhandisi alikaa, magoti yakafika karibu na kidevu, na kabla hajajiweka sawa mwalimu akasukuma.