Ujumbe wa Golikipa

Saa tisa na nusu alasiri, Jumamosi moja ya Julai 1955, mkono wa ishara upande wa magharibi wa stesheni ya Tabora ulishuka. Maana yake ilikuwa moja tu: garimoshi la mizigo kutoka Kaliua limekaribia, na njia ni wazi. Veneranda, msichana wa darasa la sita, aliuona ukishuka, akasimama na kikapu chake mkononi. Alikuwa ameomba garimoshi lichelewe.

"Mbona umeganda kama nguzo?" aliuliza baba yake, Alois. "Kikapu hicho kina ugali au kina nyoka?"

"Ugali, baba."

"Basi lete. Nyoka nitakula siku nyingine."

Alois alikuwa mfanyakazi wa reli. Kazi yake ilikuwa kugeuza njia ili kila garimoshi liingie kwenye reli yake, kisha kumpungia dereva bendera ya kijani. Siku ile Veneranda hakucheka mzaha wake.

Jambo lenyewe lilianza Jumatano. Sylvester, mchochea moto wa injini na golikipa wa timu ya Reli, alikuwa anaondoka kwenda Kaliua. Aliinama kutoka kwenye injini akamwita Veneranda.

"Vene! Mwambie kapteni Modest nitarudi Jumamosi na treni ya mizigo. Lazima kwanza tuipeleke injini bandani, kwa hiyo nitakuta mechi imeanza. Waanze watu kumi. Modest mwenyewe asimame golini, nafasi yangu aiache wazi. Akishamwingiza mtu mwingine, refa hatanikubali tena. Umesikia?"

"Nimesikia, kaka."

Alisikia vizuri kabisa. Ndiyo sababu alinyamaza.

Shuleni kwao kulikuwa na mchezo wa kuwekeana dau, na mwenye mchezo alikuwa Shilinde, mvulana wa darasa la nane. Ulichagua timu itakayoshinda, kisha ukataja jumla ya mabao ya timu zote mbili. Ukipata vyote viwili, umeshinda. Jumamosi ile Reli ilikuwa inacheza na timu ya Soko, na karibu watoto wote walichagua Reli.

Veneranda alichagua Soko, jumla mabao matano. Hakubahatisha. Alijua kwamba Sylvester asipokuwepo, golini husimama Silasi, ambaye mpira ukimjia hufumba macho. Mara ya mwisho Silasi aliposimama golini, Reli ilifungwa manne kwa moja.

Dau la Shilinde lilikuwa blanketi jipya la mtoto mchanga. Dau la Veneranda lilikuwa kilindo cha asali, kile chombo cha gome la mti ambacho babu yake alikileta kutoka Ipole. Mama yake, Apolinaria, alikuwa amejifungua mtoto wa kiume, na asali ile ilikuwa ya kutia katika uji wake ili apate nguvu. Usiku wa Julai ni wa baridi, na mtoto alikuwa anafunikwa kanga mbili kuukuu. Veneranda alijiambia kwamba anamtafutia mdogo wake blanketi. Hilo lilikuwa kweli. Kwamba ameuficha ujumbe wa mtu, hilo pia lilikuwa kweli.

Honi ya garimoshi ililia kwa mbali. Alois alisimama na bendera yake.

"Baba," Veneranda aliuliza, "stesheni masta akikwambia njia ni wazi, halafu wewe ukakaa kimya, itakuwaje?"

"Treni itasimama huko nje bure, na mimi sitastahili kushika bendera hii. Dereva hajui ninawaza nini. Anaamini tu kwamba nilichoambiwa ndicho ninachomwambia. Kwa nini unauliza?"

Veneranda alikiweka kikapu chini akakimbia.

Uwanja ulikuwa nyuma ya nyumba za wafanyakazi wa reli. Alipofika, wachezaji walikuwa wamekwisha kuingia. Silasi alikuwa golini, ndani ya fulana iliyompwaya, anatazama mbingu kama mtu anayesali. Refa alikuwa ameshika kipenga.

"Kaka Modest!"

"Toka uwanjani, mtoto!"

"Sylvester anakuja! Treni imeingia. Alisema muanze watu kumi, nafasi yake iachwe wazi." Kisha akaongeza, "Aliniambia Jumatano. Sikusema kwa sababu niliweka dau mfungwe."

Modest alimtazama, akamtazama refa, kisha akageukia golini. "Silasi, vua fulana."

Silasi alikuwa ameshaivua. "Wabeja, mtoto!" alimshukuru Veneranda kwa Kinyamwezi, anatoka mbio. "Wabeja sana! Mungu akuzidishie!"

Watazamaji waliangua kicheko. Shilinde peke yake alimsogelea. "Umejichongea mwenyewe, binti Alois. Andaa asali yetu."

Sylvester aliingia akiwa na masizi usoni, Soko wakiwa wamekwisha kufunga bao moja. Hawakufunga jingine, ingawa walipata penalti. Reli ilishinda mawili kwa moja.

Jioni Veneranda alimweleza mama yake kila kitu. Apolinaria alimsikiliza mpaka mwisho huku akimnyonyesha mtoto.

"Babu yako alipanda mti, akaumwa na nyuki ili kurina asali ile," alisema. "Wewe umeitoa kwa mdomo tu. Ichukue, mwende na baba yako kwa Shilinde."

Shilinde aliishi na mjomba wake Raymundi, muuza nguo wa sokoni. Alois alisalimia, akaeleza, akakiweka kilindo mezani. Raymundi hakukigusa.

"Blanketi lipi?" aliuliza.

Shilinde alitazama miguu yake. Blanketi lilikuwa la dukani, na mjomba hakuwa ameambiwa lolote.

"Kumbe!" alisema Raymundi. "Huyu kaweka asali ya mzazi, huyu kaweka mali ya duka. Mmechezea vitu vya watu. Bwana Alois, rudisha asali kwa mama mzazi. Na wewe, Shilinde, kesho usinitafutie visingizio: utafagia duka, na mchezo wako umekwisha."

"Asante, mzee," alisema Veneranda. Alikichukua kilindo kwa mikono miwili. "Asante sana."

Njiani Alois alimwambia, "Ulijua golini atasimama nani, ukadhani kujua huko ni mali yako. Ujumbe wa mtu ni amana, mwanangu. Leo umeufikisha kwa kuchelewa, lakini umeufikisha mbele za watu, na umetaja kosa lako bila kulazimishwa. Kwa hilo nakushukuru."

Walipofika, walimkuta Sylvester mlangoni, amekwisha kuoga.

"Nilikasirika," alimwambia Veneranda. "Halafu nikafikiri: ungenyamaza, nisingejua kamwe. Asante, Vene."

Usiku ule mama alikunywa uji wenye asali.

Jumatano iliyofuata injini ya Kaliua ilipoanza kusogea, Sylvester alichungulia nje.

"Vene! Mwambie Modest nitarudi Ijumaa!"

Garimoshi lilipoipita ishara ya mwisho, Modest alikuwa ameshaambiwa.