Mke Mwenza Kutoka Juu

Asubuhi ile sahani zilizooshwa zilikuwa tatu, na waliokula jana yake walikuwa wawili.

Fundi saa alizitazama, akaenda zake kazini. Ndivyo alivyo, bwana. Saa ya mtu ataifungua na kuifunga huku amefumba macho, ila la nyumbani kwake halioni.

Alichokiona yeye ni mwezi. Kutwa anainamia viparafujo visivyoonekana. Jioni akifunga duka anapanda darini na kamera yake, anaisimamisha kwenye miguu yake mitatu, anazuia pumzi, anabonyeza. Shingo inanyooka. Mabonde na mashimo ya mwezi yanamjia karibu, na moyo unamtulia. Raha ile haikumdhuru mtu, ndivyo alivyodhani.

Mkewe alizoea kumtania. Jioni iliyotangulia alimwita kutoka chini ya ngazi: "Mwambie basi mke mwenzangu ashuke tule naye, maana mume hashuki."

Walicheka wote wawili.

Siku ya pili nyumba ilinuka njiti ya kiberiti iliyozimwa. Fundi alipopiga picha, mwezi ulitoka mweupe pe, bila bonde wala shimo, kama chumba kilichohamwa. Siku ya tatu mkewe aliamka sauti imekauka.

"Kuna mtu jikoni," alinong'ona. "Amevaa ndara zangu."

Fundi akazisikia kweli, chapa, chapa, zikitoka jikoni kwenda sebuleni, na mkewe yuko hapo hapo kitandani, miguu mitupu, amemshika mkono. Akatuma mtu mbio kumwita mganga.

Mganga alikuja alasiri. Alisimama mlangoni mwa chumba, asiingie.

"Huyu hakuvamia, bwana fundi. Alikaribishwa. Aliyemkaribisha ndiye wa kumwambia aende, kwa sauti yake mwenyewe, kabla jua halijazama. Likizama, humu atabaki mke mmoja."

Fundi alimwinua mkewe, akamwegemeza kifuani.

"Sema, mke wangu. Neno moja tu."

Mke alifungua kinywa, midomo ikacheza, mishipa ya shingo ikamtoka, machozi yakamshuka, lakini hata pumzi haikusikika, na fundi akambembeleza, akamsugua koo, akamnywesha maji yakamwagika, huku mwanga wa ukutani ukigeuka mwekundu na kupanda kuelekea dari, na ndara zikija taratibu ukumbini, chapa, chapa, mpaka zikasimama nyuma ya pazia la mlango.

Mganga alisogea pembeni kuzipisha.

Ndipo sauti ya mke ikasikika, ile ile yenye utani ndani yake, ila haikutoka kitandani. Ilitoka nyuma ya pazia.

"Mgeni," ilisema, "nenda zako sasa."

Mikononi mwa fundi, mkewe alianza kuwa mwepesi. Alimkumbatia kwa nguvu zake zote, akamwita, akamwita tena, na alipoifungua mikono alikuwa ameshika shuka.