Hadi Kahawa Iishe

Jioni ile ya Agosti kibarazani walikuwapo watu watano. Alikuwapo Wenseslaus Basili, mwenye nyumba, mkulima wa kahawa wa Mwika, ambaye majirani wote humwita Baba Flavia. Alikuwapo mke wake, Mektrida, aliyefunga naye ndoa kanisani miaka minne nyuma, Wenseslaus akiwa mjane. Alikuwapo Shangazi Dominika, dada wa marehemu Mzee Basili, ambaye macho yake yalikuwa yamepungua nguvu lakini mkono wake ulikuwa bado haujaanza kumwaga mbege, pombe yao ya ndizi. Alikuwapo Herbert, kijana anayeongoza watalii mlimani. Na alikuwapo mgeni aliyeletwa na Herbert, Annelise Holm, muuguzi kutoka Denmark. Jina lake la kwanza ni neno moja wala si mawili, kama alivyowasahihisha siku alipofika.

Annelise alikuwa ameshuka mlimani akakodi chumba cha nyuma, ambacho Wenseslaus alikijenga kwa ajili ya watalii. Alipanga kulala siku nne, aone migomba, anywe kahawa, arudi kwao. Siku ya nne ilipofika hakutaka kuondoka. Njiani Herbert alikuwa amemweleza kwamba Mchagga akiletewa jani la isale, mmea mtakatifu wa kwao, hawezi kumkatalia aliyelileta, hata kama mtu huyo amemuulia ndugu. Basi jioni ile mgeni alipotea kidogo nyuma ya nyumba, akarudi na jani refu la isale, akapiga magoti mbele ya Wenseslaus, akalitoa kwa mikono miwili.

"Naomba kukaa zaidi," alisema kwa Kiswahili chake cha kujifunzia kwenye simu. "Hadi kahawa iishe."

Wenseslaus alicheka mpaka akafuta machozi. Alilipokea kwa mikono miwili, kama inavyotakiwa. "Nimepokea," akasema. "Kaa hadi kahawa iishe."

Hakuna aliyeuliza limekatwa wapi. Shangazi Dominika, ambaye ndiye aliyekuwa akigawa mbege, alimpa kila mmoja kata yake. Kisha akachota kata nyingine, akabaki ameishika, akigeuza uso huku na huku kama anayetafuta wa kumpa. Herbert alimtania kwamba siku hizi anaona watu wawili wawili. Shangazi hakucheka. Alimimina mbege ile ndooni, akapangusa mkono kwenye khanga yake, akaomba apelekwe kulala.

Mektrida alicheka na wenzake, lakini macho yake yalibaki kwa mume wake. Katika miaka minne hakuwahi kumsikia mume wake akicheka vile. Nyumba ile alikuwa ameikuta na mwenyewe. Mashine ya kumenyea kahawa ilikuwa ya marehemu Redempta, mke wa kwanza aliyekufa kwa kifua, vyombo vilikuwa vya Redempta, na hata miti ya kahawa iliyozunguka kaburi lake pale migombani aliipanda kwa mkono wake. Flavia, binti aliye kazini Dar es Salaam, ni wa Redempta. Na kwa kuwa Mektrida hakujaliwa mtoto, kila alipomwita mume wake kwa heshima alimwita kwa jina ambalo mwanamke mwingine alimpa. Alikuwa akingoja kitu kimoja tu, siku ya kuamka akaiona nyumba ni yake na mume ni wake. Sasa, kabla hajamalizana na marehemu, ameletewa mzungu pia.

Kwa siku kadhaa hakuona jambo la kushika. Alisikia tu harufu ya majani ya mkaratusi yaliyochemshwa, ikitoka upande wa chumba cha nyuma, akadhani ni dawa za kizungu. Wenseslaus alianza kunyoa ndevu kila asubuhi. Siku moja alivaa shati la Jumapili, na ilikuwa Alhamisi. Mektrida alimuuliza anakwenda wapi, akajibiwa kwamba haendi popote.

Kisha asubuhi moja, wakiwa mezani, Annelise alimsogezea Wenseslaus kikombe, akasema, "Padri, chai yako inapoa."

Wenseslaus aliganda. Katika ujana wake alisoma seminari miaka miwili, akaiacha ili amwoe Redempta, na ni Redempta peke yake aliyethubutu kumwita Padri, tena wakiwa wawili tu. Mektrida alilijua jina hilo kwa sababu mume wake aliwahi kulitaja usingizini.

"Nani amekwambia umwite hivyo?" Mektrida aliuliza kwa sauti ya chini.

"Yule mama anayeniletea maji ya moto asubuhi."

"Mama yupi?"

"Mwembamba. Anakohoa sana. Nilimwambia aende hospitali, akanicheka."

Hakuna mwanamke aliyekuwa akipeleka maji kwenye chumba kile. Wenseslaus aliinuka bila kugusa chai, akatoka, akasimama akiwa ameelekea migombani. Mektrida alimwona dirishani, mabega yakimtikisika, akadhani analia. Alipogeuka, alikuwa anatabasamu.

Mektrida hakufikiri mizimu. Wivu ulikuwa umeshamtafutia maelezo mepesi zaidi, kwamba mume wake amekaa na mgeni mahali, wakaongea ya chumbani, mpaka hilo jina akampa. Alimpigia Herbert simu aje kumchukua mtu wake. Alimwambia Annelise, bila kupandisha sauti, kwamba kwa desturi ya huku mgeni akishajua majina ya ndani ya mwenye nyumba amekaa vya kutosha. Annelise alilia, akafungasha, akasema hakujua amekosa nini. Wenseslaus hakumzuia. Alimpa mkono wa kwaheri kama mtu anayeagana na abiria mwenzake, akarudi ndani, na Mektrida alishangaa kuona hana huzuni hata kidogo.

Jioni hiyohiyo ukungu ulishuka mapema kutoka msituni. Mektrida alikuwa jikoni akipika mtori, moyo ukiwa mwepesi kwa mara ya kwanza, aliposikia gurudumu la mashine ya kahawa likizunguka bandani, polepole, kwa mkwaruzo uleule wa chuma kisichotiwa mafuta, na katikati ya mizunguko akasikia kikohozi, kikavu, cha mtu aliyezoea kukohoa bila kuacha kazi. Alitoka na kijiko mkononi, akapita kwenye ukungu akipapasa ukuta, na kadiri alivyokaribia banda ndivyo harufu ya mkaratusi ilivyozidi kuwa nzito, mpaka ikamkaa kooni kama mvuke wa sufuria iliyofunuliwa mbele ya mgonjwa, na alipochungulia mlangoni alimwona Wenseslaus ameketi juu ya debe lililopinduliwa, mikono magotini, ametulia, akiitazama nafasi tupu nyuma ya mashine kama mume anavyomtazama mke wake akifanya kazi, na gurudumu lilikuwa likizunguka, na hapakuwa na mkono.

"Funga mlango, Mektrida," Wenseslaus alisema taratibu. "Baridi inamuumiza kifua."

Kesho yake Mektrida alishuka Moshi mjini, mpaka Majengo, kwa Mzee Twaha Msangi, ambaye watu wa dini zote humwendea kwa mambo ya majini. Mzee Twaha alimsikiliza mpaka mwisho, akafukiza, akasoma, akamtazama tena. Alimwambia kwamba kama ni jini angemjua kwa kelele zake, na angemtoa. Huyu hakupiga kelele kwa sababu hakuingia kwa nguvu.

"Amekaribishwa," akasema. "Mimi simtoi mgeni aliyekaribishwa na mwenye nyumba. Rudi kwa wazee wenu, uulize amekaribishwaje."

Mzee wao aliyebaki alikuwa Shangazi Dominika. Mektrida alimkuta amekaa akiota jua la mchana, akamwamkia shikamoo, akamweleza yote. Shangazi aliuliza swali moja tu: lile isale la mgeni lilikatwa wapi. Wakaenda pamoja migombani, bibi akiongozwa kwa mkono. Kuzunguka kaburi la Redempta masale yalikuwa yamestawi, na moja lilikuwa limekatwa jani la katikati, ambalo mtu asiyejua angelivunja kwa sababu ndilo zuri kuliko yote.

"Isale la kuombea linakatwa mpakani," Shangazi alisema, akipapasa kidonda cha jani. "Hili lina mwenyewe. Yule mtoto wa watu alilibeba tu. Aliyeomba kukaa ni huyu aliyelala hapa. Na Wenseslaus amempokea kwa mikono miwili."

Mektrida aliuliza dawa yake. Shangazi alimjibu kwamba aliyepokea alirudishe jani pale lilipotoka, kwa mkono wake, aseme amekataa. Mwingine hawezi kumfanyia. Asipokubali, basi wangoje, maana mgeni alitaja mwisho wake mwenyewe, hadi kahawa iishe, na muda ukiisha ataondoka.

Jani lilikuwa kwenye glasi ya maji, kando ya kitanda, upande wa Wenseslaus. Lilikuwa limeota mizizi myeupe. Mektrida alilileta mezani, akaliweka mbele ya mume wake, akapiga magoti kama Annelise alivyopiga.

"Lirudishe, Baba Flavia. Nakuomba."

"Aliomba, nikampa. Siwezi kumfukuza."

"Na mimi je?"

Wenseslaus alifikiri kwa muda, kwa unyofu kabisa, na hilo ndilo lililomchoma. "Wewe upo," akasema. "Kwani nani amekutoa?"

Tangu hapo Mektrida hakubishana. Alisikia vikohozi kutoka chumba cha nyuma, akasikia mume wake akicheka huko kicheko kilekile cha kibarazani, akala peke yake, akalala peke yake, na kila alfajiri, kabla ukungu haujapanda, alikuwa tayari shambani na debe. Kahawa ya kwao huchumwa kwa awamu, nyekundu kwanza na nyingine iachwe iive. Yeye hakuacha. Alichuma nyekundu, akachuma ya njano, akachuma mbichi kabisa, akakamua matawi mpaka vidole vikatoka damu. Aliita wanawake wa jirani wamsaidie, wakamnong'onezea kwamba anaharibu mazao, na yeye akawaambia mwaka huu kahawa inatakiwa iishe mapema. Mmoja alimtania kwamba labda anahama. Alijibu kwamba yeye hahami, anahamisha.

Miti ya mwisho ilikuwa ile ya kaburini. Aliichuma mwenyewe, alasiri, ukungu ukiwa umeufunika hata mgomba wa karibu, na alichuma bila kuinua macho, kwa sababu upande wa pili wa kila mti alisikia matawi yakishikwa na kuachiwa, na tunda likidondoka pale ambapo mkono wake haukufika, na pumzi fupifupi zikimfuata kutoka mti hadi mti kwa subira, bila hasira, kama mtu anayemsaidia mwenzake amalize kazi ambayo wote wawili wanataka iishe, na hapo ndipo alipopaswa kujiuliza kwa nini. Hakujiuliza. Alichuma tunda la mwisho, akalitupa debeni, akasimama wima mbele ya saruji ya kaburi.

"Kahawa imeisha," akasema. "Safari njema."

Pumzi zile zilikoma. Harufu ya mkaratusi ilipungua, ikaondoka, na kwa mara ya kwanza tangu Agosti alisikia harufu ya majani ya migomba. Alirudi nyumbani karibu akikimbia.

Alimkuta Wenseslaus kibarazani amevaa koti, kofia, na viatu vyake vya kanisani. Lile isale alikuwa amelishika mkononi. Alikuwa ametulia kama mtu aliyeagizwa jambo dogo.

"Anaondoka," alisema.

"Najua. Nimemuaga."

"Mgeni haachiwi aondoke peke yake. Namsindikiza kidogo."

Mektrida alimtazama mume wake, shati la Jumapili chini ya koti, kidevu kimenyolewa, na wivu ukampanda kwa mara ya mwisho, wivu wa mtu anayejua kwamba ameshinda na hataki kunyimwa hata saa moja ya ushindi wake. Lakini alikuwa amechoka, na vidole vilimuuma, na aliona kwamba jani linarudi lilikotoka, kama Shangazi alivyotaka.

"Msindikize basi, Wenseslaus," alisema, na alimwita kwa jina lake. "Umfikishe, urudi."

Alimfunga kifungo cha juu cha koti, kwa sababu ya baridi. Kisha akaingia ndani, akawasha moto, akapakua mtori kwenye sahani mbili.

Wenseslaus Basili alikutwa asubuhi kando ya kaburi la mke wake wa kwanza, akiwa amefariki.