Barua ya Mwanakombo

Umeme ulirudi Tandale baada ya kukatika kutwa nzima, na steshenari ya Mwinjuma ikafurika watu mpaka barazani. Lulu, mwalimu wa tuisheni ya Kiingereza, alijipenyeza na gauni lake la kitenge cha njano, karatasi mkononi.

"Sista, hili neno match umeliandika mara tatu," Mwinjuma alisema huku anachapa. "Niyaache yote?"

"Yaache. La kwanza kiberiti, la pili mechi, la tatu mtu na mwenzake anayelingana naye."

"Neno moja, kazi zote hizo?"

"Si moja. La kiberiti limetoka Kifaransa, maana yake ilikuwa utambi wa taa. Hayo mengine ni Kiingereza cha zamani, maana yake ilikuwa mwenza. Kila moja na kwao, yamekuja kufanana sura tu. Ndiyo maana nawaambia wanafunzi, neno likikuchanganya, uliza limetoka wapi."

Mwinjuma akaacha kuchapa. "Na mwalimu mwenyewe katoka wapi?"

"Kinondoni, kwa bibi yangu. Chapa, watu wanasubiri."

Alichapa, lakini namba ya simu ya Lulu iliyoandikwa mwisho wa karatasi aliishika kichwani. Akampigia, na kwa miezi saba wakazungumza kila jioni.

"Halo, utambi wangu."

"Utambi wako leo kaungua na jua la Magomeni. Sema, mwenza."

Kisha mshenga akaja Kinondoni na barua ya posa. Baba mdogo alivaa miwani, akaisoma kwa sauti mbele ya bibi na mashangazi. Jina la marehemu baba yake Lulu lilikuwepo, mtaa ulikuwepo. Alipofika katikati alisita, akarudia: "Tunaomba kumposa binti yenu Mwanakombo."

Nyumba ile haikuwa na Mwanakombo. Nyuma ya pazia, Lulu aliyasikia yote.

"Ijumaa barua inarudi ilikotoka," bibi akasema. Na barua ya posa ikisharudi, hakuna tena mazungumzo.

Simu ikaita. "Lulu, mbona kimya?"

"Muulize Mwanakombo."

"Mwanakombo yupi?"

"Unaniuliza mie?" Akakata.

Hakulala vizuri siku tatu. Anaoa wawili? Basi barua ya mwingine ingekujaje na jina la baba yake? Kila alipopata jibu, jibu lenyewe lilimvuruga zaidi. Alimpenda, na hilo ndilo lililomuumiza.

Alhamisi ilibidi achapishe mtihani, na mashine nyingine zote za mtaani zilikuwa mbovu. Akaenda kwa Mwinjuma amejifunika buibui, akajificha mwisho wa foleni. Mbele yake alisimama fundi gereji mwenye ovaroli.

"Braza, nataka barua ya posa."

"Ipo tayari," Mwinjuma alijibu kwa sauti ya mtu aliyechoka. "Nilimwandikia jamaa mmoja mwaka jana. Nabadilisha majina tu. Wako anaitwa nani?"

"Farida."

Akabadilisha, akabonyeza, karatasi ikatoka. Lulu akasogea, akaweka kidole katikati ya ukurasa. "Hapa umesahau."

Mwinjuma akasoma: Mwanakombo, mchumba wa yule jamaa wa mwaka jana. Akamtazama Lulu. "Na ya kwetu…"

"Na ya kwetu." Sasa hasira zikampanda kweli. "Yaani mie umeniposa kwa barua ya kuazima?"

"Yangu niliiandika mara sita, nikaichana mara sita. Niliogopa, Lulu. Ile ilishawahi kukubaliwa."

Lulu alitaka kuendelea kukasirika, akashindwa. "Watoto wa watu nawafundisha kuuliza neno limetoka wapi," alisema taratibu. "Jina limenichanganya mie mwenyewe, sikuuliza." Akachana ukurasa wa daftari lake, akamwekea na kalamu. "Kwa mkono. Nikaisome kwa bibi leo hii."

"Na yangu je?" fundi akauliza.

"Subiri, kaka."

Mwinjuma alishika kalamu. "Nianzeje?"

"Anza na jina langu."