Osiloskopu Mbili za Makole

Kila Alhamisi, wakishamaliza kufagia darasa, wanafunzi wa klabu ya sayansi pale Makole walikimbilia chumba cha mwalimu Restuta. Leo walikuta mezani osiloskopu mbili, zile mashine zinazochora umeme kwenye kioo. Zilitoka chuoni Chimwaga. Wao wachague moja, nyingine iende shule ya Kondoa.

Zaitun alishaipenda ile nyeusi. Kioo kipana, mistari ya rangi! Obedi aling'ang'ania ya kijivu, imechubuka kila kona.

"Hiyo umeiokota banda la kuku," Zaitun alimcheka.

"Na yako ni televisheni. Tutaangalia mpira? Soma karatasi iliyokuja nazo, dada! Yangu inakosea asilimia mbili, yako tatu."

"Tuzipime kwa betri moja," mwalimu alisema. "Mita inaonyesha ina volti moja na nusu." Akatoka kufuata waya, na wengine wakamfuata.

Zaitun alibaki. Akazungusha kitufe cha ile ya kijivu mpaka kioo chake kizima kikawa cha kupimia hadi volti arobaini. Nyeusi akaiacha kwenye volti nne.

Walipopima, nyeusi ilikaribia moja na nusu. Kijivu ikasema mbili na ushee.

"Kondoa hiyo! Kondoa!" klabu nzima ilipiga kelele, meza zikagongwa. Zaitun ndiye aliyeruka juu kuliko wote.

Obedi akaikunja ile karatasi polepole. "Kumbe inadanganya. Na mimi nimeisoma yote."

Zaitun aliacha kuruka. "Mwalimu, karatasi haina kosa. Nimechezea kitufe mimi."

Kisha Obedi akaguna, "Wewe mtoto wewe!" na wote wakacheka, hata mwalimu.

"Ile asilimia inahesabiwa kwa kioo kizima, siyo kwa betri," mwalimu alieleza. "Asilimia mbili ya volti arobaini inazidi nusu volti. Haya, irudishe kwenye nne."

Zaitun akazungusha. Kijivu ikagota karibu kabisa na moja na nusu, karibu zaidi kuliko nyeusi. Obedi akacheza katikati ya madawati.

"Basi kijivu inabaki," mwalimu alisema. "Nyeusi utaipeleka Kondoa na mimi, Zaitun, ukawafundishe wenzako kitufe hicho."

"Kwa basi, mwalimu?" Macho yalimng'aa.

"Kwa basi. Na uwaambie hivi: ukilinganisha vitu viwili, vipe nafasi sawa. Ukipendelea kimoja, hujapima mashine, umepima hamu yako."